Bingwa wa Bigwa

Ukiniuliza ule ubobezi wa jirani yangu daktari uligharimu nini, nitakuhesabia mara mbili. Ndivyo nilivyozoea kwenye matenga ya karoti: hesabu ya kwanza ni ya kumridhisha mwenye mzigo, ya pili ni ya kujua ukweli. Hesabu ya kwanza inasema ulimgharimu Bingwa mke, aliyechoka kuwa mke wa mwanafunzi mwenye mvi. Ulimgharimu shamba la ndizi la nyuma ya nyumba, ambalo limerudi kuwa pori na sasa linafuga nyoka wa mtaa mzima. Ulimgharimu jina alilolijenga tangu mimi nikiwa msichana. Hesabu ya pili ni fupi. Ulinigharimu mtoto wangu, Konsolata. Na ubobezi wenyewe haukupatikana.

Nayasema haya mapema ili usije ukasoma huku unasubiri muujiza.

Jina lake halisi nalijua, silitaji. Bigwa nzima, mtaa wetu wa Morogoro, tulimwita Bingwa kwa sababu alikuwa daktari bingwa wa watoto, na ulimi wa mtu anayeishi Bigwa hauwezi kuuachia mchezo kama huo upite bure. Bingwa wa Bigwa. Watoto walimwitia hivyo njiani akienda kazini, naye alikuwa akiinua mkono bila kugeuka, kama mwanasiasa aliyekwisha kushinda.

Mimi nilikuwa jirani yake, ua wa minyaa katikati yetu. Kazi yangu ni udalali wa mboga. Mzigo unashuka kutoka Mgeta, ndiko kwetu, nami nasimama kati ya mkulima anayeamini ananyonywa na mnunuzi wa Dar anayeamini anaibiwa, na kila mmoja namwambia kwa siri kwamba ni kweli. Kwa hiyo watu nawajua kwa bei wanazotaja. Bingwa sikumjua kwa njia hiyo, maana alikuwa hapatani bei. Alikuja mezani kwangu, akauliza kabichi kiasi gani, nikataja ile bei ya juu ambayo mtu mwenye akili huitaja ili ishuke, naye akatoa pesa. Sikuamini. Mara ya pili nikapandisha zaidi, kwa utafiti. Akalipa.

"Daktari, hata kulia kidogo?" nikamwuliza.

"Bei si ndiyo bei, Mama Konso?"

"Bei ni salamu. Sasa wewe nakusalimia, unanyamaza."

Alinitazama kama vile nimemwambia jambo la kitabibu asilolisoma. Tangu siku ile nilikuwa namtajia bei ya haki moja kwa moja, na kila nilipofanya hivyo nilijisikia nimenyang'anywa kitu.

Konso alipokuwa na miaka minne alinenepa. Nasema alinenepa kwa sababu ndivyo tulivyoona sote. Mashavu yalijaa, macho yakawa madogo kama ya mtu aliye katikati ya kicheko. Sokoni wenzangu walinitania, "Mama Konso, faida yote unamlisha mwanao?" Nikawajibu kwa maringo kwamba ni maziwa. Asubuhi moja Bingwa alisimama kwenye ua wa minyaa. Nikamwamkia, hakuitikia, jambo lisilokuwa desturi yake. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Huyu alianza kunenepa wapi?"

"Hapa hapa nyumbani, Daktari."

"Mwilini nauliza."

"Usoni. Asubuhi zaidi, jioni kunapungua."

"Mtoto hanenepi kuanzia machoni," alisema. "Huyu hajanenepa. Amejaa maji. Una sufuria ndogo usiyoipenda?"

Ninayo mpaka leo, na mpaka leo siipendi. Aliingia jikoni kwangu na viatu vyake vya kazi, akamwambia Konso akojoe kwenye kikombe, akauchemsha mkojo ule juu ya jiko la mkaa kama anapika chai. Mama Shabani, jirani wa upande wa pili, alichungulia akauliza ni dawa ya kienyeji au. Mkojo ulipochemka uliganda, mweupe, kama ute wa yai linaloiva. Nilidhani ni uchafu wa sufuria. Bingwa akaniambia figo ni chujio, la Konso limepanuka matundu, na kile kilichoganda ni uzito wa mtoto wangu unaotoka naye chooni.

Dawa zilimshika vizuri. Alinywea akarudi kuwa Konso mwenye miguu ya kuku. Kisha akavimba tena, akapewa tena, akapona tena. Miaka ikaenda hivyo. Bingwa alikuwa na misemo yake juu ya ugonjwa ule, na akina mama wa kliniki yake walikuwa wakiirudia kwenye benchi kama akina mama wengine wanavyorudia rozari. "Usinishukuru kabla ya mkojo." "Figo haina haraka, ila ina kinyongo." Na ule wa macho. Alituamuru tuwanyime watoto chumvi, na alikuwa mkali: aliwahi kumpokonya mama mmoja mfuko wa dagaa kwenye geti la hospitali. Mwenyewe nyumbani alikuwa anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili akiwa amekaa ngazini, chumvi inamng'aa kwenye vidole, tunamwona. Nikamwambia, "Daktari, unatuhubiria mbingu huku umekaa motoni." Akajibu, "Figo zangu hazijanilalamikia," akachovya kipande kingine.

Kwa sheria alikuwa hivyo hivyo, ila kwa sheria hakujipendelea. Kijana mmoja wa interni, daktari wa mwaka wa mazoezi, alikwenda kumzika baba yake, akakosa wiki mbili za wodi ya watoto. Aliporudi ameshika karatasi zake za kumaliza mwaka, Bingwa hakumsainia. "Pole sana kwa msiba," alimwambia. "Wodi inakudai wiki mbili." Kijana akazitumikia huku wenzake wameshapangiwa kazi. Watu wakasema yule daktari ana moyo wa mawe. Mimi niliona ni mtu aliyeumbwa bila kiungo cha kupatana, kama wengine wanavyozaliwa bila sauti ya kuimba.

Sasa nieleze ngazi zenyewe, maana wengi hudhani daktari ni daktari. Unasoma udaktari miaka mitano. Halafu mwaka wa interni, unafanya kazi chini ya macho ya wakubwa. Hapo unakuwa daktari kamili, na mama yako anaruhusiwa kuanza kujisifu. Ukitaka ubingwa, unafanya kazi kwanza, kisha unarudi shule miaka mitatu mingine kwenye kitu kimoja: watoto, uzazi, upasuaji. Ukitaka ubobezi, yaani ubingwa ndani ya ubingwa, si watoto tu bali figo za watoto, unarudi tena. Miaka miwili ya mfululizo, kwenye kituo kilichokubaliwa, chini ya mtu ambaye tayari ni bobezi. Kazi ya mkono, kama ile ya kuingiza sindano mgongoni na kuchukua kinyama cha figo kikapimwe, unaifanya bobezi akiwa amesimama pembeni anakutazama. Ukimaliza, anaandika ulipokosea na cha kurekebisha. Ukishayapita yote hayo, bado hujawa bobezi. Umestahili tu kukaa kwenye mtihani.

Mama Shabani alipoelezwa alisema mume wake naye ni bobezi, wa pombe ya komoni, tena hakusimamiwa na mtu. Mimi nilisema huko ni kupanda mlima ili upewe ruhusa ya kuulizia njia. Bingwa hakucheka.

"Ni sawa kabisa," alisema. "Wewe ungependa nani amchome mwanao? Aliyetazamwa au asiyetazamwa?"

Tatizo ni kwamba yeye sindano ile alikuwa ameichoma miaka mingi. Alifundishwa na daktari mzee wa kigeni kwenye hospitali ya misheni, wakati neno bobezi halijafika kwetu, na baada ya hapo akawa anawachoma watoto hapa hapa Morogoro, nao wakapona au hawakupona kama ilivyo kila mahali. Aliwafundisha vijana pia. Mmoja wao, binti aliyekuja kwake akiwa interni anayeogopa damu, aliendelea na shule, akapita ngazi zote kwa utaratibu, akawa bobezi wa figo za watoto kwenye hospitali moja kubwa Dar. Yule nitamwita Bobezi.

Kisha hospitali ya Bingwa ikapokea agizo: sindano ya figo isichomwe na asiye na ubobezi unaotambulika. Uzoefu hauhesabiwi. Bingwa alikuwa amepita miaka hamsini. Angeweza kukaa kimya, asubiri kustaafu, awe anawaandikia watoto barua za kwenda Dar. Mkewe alimwomba afanye hivyo. Badala yake aliomba ruhusa kazini akaenda Dar kujifunza alichokuwa anakifundisha, na msimamizi aliyepangiwa alikuwa Bobezi.

Nilikuwepo siku zake za mwanzo kule, nimempeleka Konso kupimwa. Wanafunzi walikuwa wamejipanga wodini, vijana watupu, na mwisho wa mstari yuko Bingwa, koti jeupe limembana tumboni. Bobezi akaingia na mafaili yake. Kabla hajafungua mdomo, Bingwa akasema kwa sauti ya kusikika:

"Shikamoo, Dokta."

Nesi aliyekuwa anatundika dripu aliganda mkono juu. Mtu wa mvi kumwamkia binti wa rika la mwanawe! Mama mmoja pembeni yangu alinong'ona, "Huyu baba mgonjwa?" Bobezi alijifunika mdomo kwa faili.

"Mwalimu, usinifanyie hivi. Utaniachia laana."

"Hapa mwalimu ni wewe. Anayejifunza ndiye anayeamkia."

"Siwezi kuitikia, Mwalimu."

"Basi nitabaki nimekuamkia."

Binti alitoka nje. Nesi alimfuata na glasi ya maji. Vijana wa kwenye mstari walitazama viatu vyao, na mmoja alikuwa anajiuma ili asicheke. Baadaye walikubaliana kusalimiana "habari za asubuhi", kama watu wanaokutana benki, na mambo yakaendelea. Mimi nilicheka njia nzima ya kurudi Morogoro. Nilikuwa sijaelewa kwamba pale pale, mbele ya macho yangu, ndipo mambo yalipoharibika.

Maana siku za sindano ilikuwa hivi. Aliniambia Bobezi mwenyewe, baadaye, huku anakunjakunja kitambaa: "Mama Konso, ningemtazamaje? Mtu aliyenishika mkono akanionyesha figo ilipo, leo nimsimamie kichwani kama mlinzi wa mtihani?" Kwa hiyo alikuwa anasimama mlangoni, amempa mgongo, anasikiliza.

"Ulikuwa unasikiliza nini, Dokta?" nikamwuliza.

"Kama mtoto atalia."

Bingwa alimwita mara kadhaa, "Njoo utazame." Hakwenda. Mtoto alikuwa ameshalazwa kifudifudi, ameshapakwa dawa ya ganzi, nyama ya mgongo inatetemeka. Bingwa akachoma. Na baada ya kila sindano Bobezi alikuwa anajaza sehemu ya makosa kwa maneno yale yale: hakuna. Kwake ilikuwa adabu. Kuandika kosa la mwalimu wako, kwa mkono wako, ukaweka na sahihi, kwa malezi aliyolelewa yule binti ni sawa na kumvua nguo barabarani.

Miaka miwili ikaisha, Bingwa akarudi Bigwa kusubiri tarehe ya mtihani. Mke alikuwa ameshaondoka, amemwachia masufuria na barua ambayo hakunionyesha wala sikuiuliza. Na Konso, aliyekuwa anafika miaka kumi, akavimba kwa namna mpya. Dawa zile zile, kipimo kile kile, uvimbe haukusikia. Tumbo likawa ngoma, kope zikafunga. Bingwa alisema sasa lazima kinyama kichukuliwe, kijulikane ni ugonjwa wa aina gani, ndipo ijulikane dawa ya kufuata. Dar foleni ni ndefu, ila sindano ipo hospitalini kwake, kabatini. Mkono upo. Kilichokosekana ni mtihani, na wote tulijua ataupita akiwa amelala. Nilihesabu hivyo. Nikahesabu tena, ikatoka hivyo hivyo.

Jopo la mtihani lilipopitia tathmini zake likakuta miaka miwili bila kosa hata moja. Watu wa jopo nao ni madaktari, wanajua hakuna mkono wa hivyo. Mkulima akikuletea tenga la nyanya lisilo na hata moja iliyobonyea, unalimwaga lote chini utazame katikati. Wakalimwaga. Wakamwita Bingwa aje ajibu jambo moja: alipokuwa anachoma, msimamizi wake alikuwa pale anamtazama? Akisema ndiyo, anakaa kwenye mtihani. Akisema hapana, miaka miwili inafutika na Bobezi ananyang'anywa ruhusa ya kufundisha.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Kaka yangu alishuka kutoka Mgeta juu ya lori la kabichi, akaoga kwangu, akavaa shati langu la kiume ninalovaa sokoni, tukavuka ua wa minyaa kwenda kwa Bingwa. Alitukaribisha vizuri, akatuwekea embe na chumvi. Hatukugusa.

"Daktari," kaka alianza, "tumekuja kama watu wazima. Yule binti siku za sindano alisimama au alikaa?"

"Alisimama."

"Basi! Mazungumzo yamekwisha. Sema alisimama."

"Alisimama mlangoni."

"Mlango wa chumba kingine?"

"Wa chumba hicho hicho."

"Kwa hiyo alikuwepo. Tunakwenda vizuri."

"Alikuwa amenipa mgongo."

"Wamekuuliza habari za mgongo hao watu?"

"Wataniuliza kama alinitazama."

Nikaona kaka anakwama, nikaingia mimi, maana hapo ndipo pa kazi yangu. "Sema alikuona. Ni kweli au si kweli? Alikuona ukiingia, akakuona ukitoka. Hapo katikati nani anapahitaji?"

"Katikati ndipo sindano ilipo, Mama Konso."

Alisema taratibu, bila ukali. Kaka aliinuka akakaa tena. "Mpwa wangu anavimba hapo ng'ambo ya ua, wewe unatupimia mgongo na uso! Huo ukweli wako una mboga? Utaula na nini?"

"Nikisema nilitazamwa, mwakani atakuja mwingine aseme hivyo hivyo," Bingwa alijibu, "na huyo hatajua kuchoma. Atamtoboa mtoto mshipa."

"Huyo wa mwakani ana mama yake. Wa kwetu ni huyu."

Hapo Bingwa aligeuka akautazama ua wa minyaa. Nikadhani bei imeshuka. Nikasema kwa sauti ndogo, kama ninavyofanya mnunuzi akianza kulegea, "Au uache karatasi zao. Mchome tu hapo hospitalini, hata Jumapili. Mimi ndiye mama, nimeruhusu."

"Figo ikichomwa inaweza kumwaga damu ndani," alisema. "Ikimwaga, nahitaji nesi, damu, chumba cha upasuaji. Wote wamekatazwa kunifuata. Nitakuwa mimi na yeye peke yetu. Hujaruhusu hilo, Mama Konso. Hulijui."

Tuliondoka bila kuaga. Nyuma yetu akasema, "Embe hamkula," na kaka akatema mate kwenye minyaa.

Alikwenda akasema hapana. Alisema yote, mlango, mgongo, na kwamba yeye mwenyewe angeweza kuacha kuchoma mpaka atazamwe, hakuacha. Miaka miwili ikafutwa. Bobezi akanyang'anywa ruhusa ya kufundisha. Kutibu hakukatazwa, lakini aibu haisomi agizo mpaka mwisho. Kabla mwezi mwingine haujaandama alikuwa amepata kazi nchi nyingine, na foleni ya watoto wake ikamwagikia mabobezi wachache waliobaki. Konso alipewa tarehe ya sindano Dar. Tarehe nzuri tu, ukilinganisha na za wengine.

Homa ilitangulia tarehe. Maji yale ya tumboni yaliingia vijidudu, ndivyo walivyonieleza, na alikufa wodini Dar mchana, watu wa chakula wanapita na kitoroli. Aliomba uji wenye chumvi. Nilimtazama nesi, nesi akatazama pembeni, nikamtilia. Alikunywa vijiko viwili.

Tulimzika Mgeta, kwenye makaburi ya ukoo, juu kabisa ambako jeneza linabebwa kwa zamu kwa sababu njia ni ya mtu mmoja mmoja. Bingwa alikuja. Alipanda kwa miguu kutoka barabarani, akafika wa mwisho, shati limemganda mwilini, wanawake wakaacha kuimba kwanza kisha wakaendelea. Wakati wa kufukia, wanaume wanapokezana sepetu, alinyoosha mkono kuipokea kutoka kwa kaka. Kaka hakumpa. Aliendelea kufukia peke yake, zamu yake na zamu za watu wengine, mpaka akawa anapumua kama anakata roho. Mwisho akaiweka sepetu chini, hakumkabidhi mtu. Bingwa akainama, akaiokota, akamalizia. Hakuna aliyemkataza.

Baada ya misa ya arobaini nilimfuata nikamwuliza swali nililokuwa nalichelea. Angechomwa mapema, angepona? Daktari mwingine yeyote angenipunguzia, hata robo. Angeniambia Mungu amempenda zaidi, au ugonjwa ulikuwa umeshashinda.

"Huenda tungeijua aina, na dawa isishike," alisema. "Huenda ingeshika. Iko inayoshika."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, Mama Konso."

Nilimchukia muda mrefu. Nilikuwa nikimwona anapita naingia ndani. Alipokuja mezani kwangu nilimtajia bei ya wizi, naye akalipa, na hilo likanichukiza zaidi. Lakini nakiri jambo moja, maana hesabu ni hesabu. Watu wengi walinijia na pole. Kila mmoja alinipa uongo kidogo pamoja na sukari na mchele, nami nilipokea, ndiyo ustaarabu. Usiku wenyewe wa kulala peke yangu, maneno niliyoweza kuyaegemea bila kuogopa kwamba yatavunjika yalikuwa yale ya Bingwa, na hayakuwa na faraja ndani yake hata chembe. Kitu kigumu kinaegemeka. Hiyo si sifa. Hata jiwe la kaburi ni gumu.

Wiki iliyopita alikuja sokoni mchana, wakati tunashusha njegere, kelele juu. Hakuuliza bei ya kitu. Aliomba kukaa, nikamgeuzia kreti. Amezeeka ghafla, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Tulikaa kama watu wanaosubiri basi moja bila kujuana.

"Wanafungua kituo kipya cha figo za watoto," alisema. "Kimekubaliwa. Msimamizi anatoka nje, hanijui, sijawahi kumfundisha. Nimeongea naye kwa simu. Amesema atasimama pembeni, na nikikosea ataandika."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Ile miwili haihesabiki."

"Na kustaafu kwako je?"

"Nikimaliza na nikipita mtihani, nitabakiwa na mwaka na kitu. Labda waniongezee, labda wasiniongezee."

Mchukuzi alipita na gunia begani akipiga kelele tumpishe, Bingwa akavuta miguu. Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kulia juu ya goti. Ulikuwa unatetemeka, kidogo sana, kama jani wakati upepo bado haujaamua. Aliona kwamba nimeona. Hakuuficha.

"Ni asubuhi na nikichoka," alisema. "Nikiishika sindano unatulia. Mpaka sasa unatulia."

"Hospitalini wanajua?"

"Nimewaambia. Wanasema niende tu, Mwalimu, wewe ni hazina. Nimewauliza wote, wote wanasema niende. Wananiheshimu mno, hawafai kuulizwa." Aliufunika mkono kwa mkono mwingine. "Kuna mtoto wa Mafiga, ana miaka mitatu. Nilimpokea juzi, macho yamefumba. Dawa kwake zinaanza kugoma. Nikibaki hapa, atakwenda kwenye foleni ile ile. Nikienda masomoni, atakwenda kwenye foleni ile ile, ila labda wa baada yake asiende. Na labda mkono hautafika huko."

Nilikuwa nimeshika njegere, nikawa nazimenya bila sababu, hazikuwa za kumenya.

"Wewe huna sababu ya kuniheshimu," Bingwa alisema. "Nishauri, Mama Konso. Niende?"